Unataka deki ya CD ya bei mbaya? Soma hapa kabla hujatoa hela

Baba yangu mdogo kastaafu, na kwenye kiinua mgongo chake katenga fungu la deki ya CD ya uhakika. Ana CD kama mia mbili: dansi, taarab na rumba. Dukani kaambiwa achukue inayopiga SACD, eti ndiyo mwisho wa matatizo. Akaniita nimpelelezee kwenye intaneti. Mimi nimeishia form four na si fundi, ila nimekaa kafe siku tatu, na haya ndiyo niliyovuna.

CD YA KAWAIDA: Ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, pamoja na deki ya Sony CDP-101. Sauti inapimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16. Hapo inabeba sauti mpaka karibu hezi 22,000. Sikio la binadamu linaishia kama 20,000, na ukishazeeka hufiki hata huko. Kwa hiyo CD msiidharau.

SACD: Sony na Philips waliileta 1999. Inapima zaidi ya mara milioni 2.8 kwa sekunde, biti moja moja. Deki ya kawaida haisomi tabaka lake. Ila nyingi ni chotara, zina na tabaka la CD, hivyo zinapiga popote.

DVD-AUDIO: Ilifuata 2000, biti 24 na vipimo mpaka 192,000 kwa sekunde. Hizi mbili zikagombana, wanunuzi wakakaa pembeni kusubiri mshindi, huku vijana wakihamia MP3. DVD-Audio ilishajifia. SACD bado zinatolewa, hasa za klasiki na jazi, kwa wapenzi wachache.

MP3: CD inapitisha kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 128 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Kilichokatwa hakirudi, hata ukiichoma upya kwenye CD.

Sasa swali la hela: sikio linasikia tofauti? Mwaka 2007 Meyer na Moran wa Marekani walichapisha jaribio lao. Watu walisikilizishwa SACD na DVD-Audio, halafu sauti ileile ikipitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kujua ipi ni ipi. Walipatia mara 276 kati ya 554. Hiyo ni sawa na kurusha shilingi! Wapo wanaobisha mpaka leo. Ila hata hao wawili walikiri kuwa SACD nyingi zilikuwa tamu, wakasema ni kwa sababu zilirekodiwa kwa uangalifu zaidi.

KABLA HUJALIPA, ANGALIA HAYA:

1. Hesabu CD zako kwanza. Kama huna SACD hata moja, unalipia nini?

2. Deki nyingine za gharama zinasoma CD za muziki tu, za MP3 hazitaki kabisa. Nenda na CD zako dukani.

3. Mtumba wa Japani wa soko la kwao ni volti 100. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukichomeka bila transfoma, umeunguza.

4. Lenzi huchoka. Muulize fundi wako kama anaipata kabla hujanunua. Deki bila lenzi ni pambo la kabati.

5. Iwe na tundu la kutolea sauti ya kidijitali. Kesho ukipata kifaa bora cha kuigeuza kuwa sauti ya spika, unaunganisha tu.

Tulikaa sebuleni na Baba mdogo tukapekua CD zote. SACD: sifuri. Za kuchoma mtaani, zilizoandikwa kwa kalamu: thelathini na kitu, nyingi MP3. Tukabeba moja mpaka dukani, tukaitia kwenye ile deki ya bei mbaya. Ikazungukazunguka, ikaandika hakuna CD. Muuzaji kimya, Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Tukachukua ya bei ya kati inayosoma zote, chenji ikaingia kwenye spika. Na kwenye spika, jamani, tofauti hata Mama mdogo aliisikia akiwa jikoni!

Kama nimekosea mahali, mafundi nirekebisheni kwenye maoni hapo chini. Nawasilisha.