Sonona: Ugonjwa Unaopimwa kwa Maswali

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomtia mtu huzuni nzito, au unaomwondolea hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, hadi kazi na maisha ya nyumbani vikaathirika. Jina limetokana na kitenzi kusonona, yaani kuumia moyoni. Sonona isichanganywe na msongo wa mawazo, ambao humpata yeyote aliyeelemewa na shida.

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sonona. Daktari hutegemea maelezo ya mgonjwa. Zamani madaktari wawili wangeweza kumwona mgonjwa mmoja na kila mmoja akataja ugonjwa tofauti. Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-III, ulioandaliwa chini ya uongozi wa daktari wa akili Robert Spitzer, uliweka vigezo bayana. Toleo la sasa linadai dalili 5 kati ya 9, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu.

Vigezo vilileta maelewano, lakini havikumaliza kazi. Wagonjwa wawili wenye dalili 5 kila mmoja wanaweza kufanana kwa dalili 1 tu. Tena wanaweza kutofautiana kwa ukali, ndiyo maana leo hupimwa pia ukali wa sonona. Dodoso la PHQ-9 hutoa alama 0 hadi 27. Anayefikisha 10 huchunguzwa zaidi. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru: aliyekubali kuwa nayo ahudumiwe papo hapo, hata jumla yake ikiwa ndogo.

Lakini mgonjwa wa kwetu haji akisema ana sonona. Husema, “Nina mawazo,” au “Kichwa kinanigonga, usingizi sipati.” Akipimwa malaria hana, presha iko sawa, hupewa panadoli akarudi nyumbani. Zimbabwe walianzia kwenye maneno ya watu wenyewe: Washona huita hali hiyo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na dodoso la maswali 14 lilitungwa kwa Kishona. Dk. Dixon Chibanda alilitumia katika Benchi la Urafiki, lililoanza Harare mwaka 2006, ambako kina bibi waliofunzwa huwasikiliza wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Basi kila zahanati imuulize mgonjwa habari za moyo wake kama inavyompima presha. Sonona nyepesi hutibika kwa ushauri nasaha. Iliyo kali huhitaji dawa pia. Zote mbili zinatibika.