Indonesia: Mitandao ya Kijamii, Siasa na Mipaka ya Sheria

Baada ya Rais Suharto kujiuzulu Mei 1998, Indonesia ilipitisha Sheria ya Vyombo vya Habari ya mwaka 1999, iliyoondoa leseni za magazeti. Intaneti ilipoenea, Bunge lilipitisha Sheria ya Taarifa na Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2008. Kifungu chake cha kashfa kimetumika kuwashtaki wananchi kwa maoni waliyoandika mtandaoni, hata sheria hiyo ikarekebishwa mwaka 2016 na 2024.

Wakati huohuo, siasa zimehamia kwenye simu. Katika kampeni za uchaguzi wa Februari 14, 2024, Prabowo Subianto, jenerali mstaafu, alijinadi kwa vijana kupitia video fupi za dansi katika TikTok, naye akashinda. Agosti mwaka huo, picha ya Garuda, nembo ya taifa, ilisambazwa mtandaoni kama tahadhari. Maandamano yakafuata, na Bunge likaacha kurekebisha sheria ya uchaguzi wa mikoa.

Aprili 2025, Mahakama ya Katiba iliamua kuwa taasisi za Serikali na kampuni haziwezi kulalamikia kashfa chini ya sheria hiyo. Haki hiyo ni ya mtu binafsi aliyekashifiwa.