Kusoma kwa Sauti na Kusoma Kimya: Funzo kutoka Fiji

Neno kusoma lina maana nyingi. Mtoto anayekwenda shule husemwa kuwa anasoma; anayetamka kwa sauti maandishi asiyoyaelewa, naye anasoma; na aliyeketi pembeni na kitabu chake cha hadithi, huyo pia anasoma. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu wa maana haudhuru. Lakini katika mwongozo wa mwalimu wa lugha ya kigeni unaweza kudhuru, kama historia inavyoonyesha.

Katika miaka ya 1920, Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu Dacca, Bengal, alishikilia kuwa mwanafunzi wa huko alihitaji Kiingereza cha kusoma kabla ya Kiingereza cha kuzungumza. Aliviona vitabu vilivyotumika kuwa na maneno mengi mageni yaliyosongamana. Kwa hiyo akatunga vingine: maneno adimu akayabadili kwa ya kawaida, na kila neno jipya akalirudia mara kwa mara ili mtoto aweze kusonga mbele peke yake.

Hata hivyo, baada ya Vita Kuu ya Pili, ufundishaji katika nchi nyingi ulielemea upande wa kukariri sentensi kwa mdomo. Ndivyo ilivyokuwa Fiji hadi mwaka 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipoanza jaribio katika shule za msingi za vijijini. Wanafunzi 380 wa darasa la 4 na la 5, katika shule 8, walipatiwa vitabu vya hadithi vyenye picha, 250 kwa kila darasa. Baadhi yao walisoma kimya, kila mmoja kitabu alichojichagulia. Wengine walisomewa na mwalimu, wakaijadili hadithi, kisha wakaisoma naye. Wenzao 234 wa shule nyingine 4 waliendelea na mazoezi ya zamani. Baada ya miezi 8, makundi yote mawili yenye vitabu yalikuwa yamepiga hatua maradufu katika kuelewa Kiingereza cha kusoma na cha kusikiliza.

Hapa ndipo istilahi inapohusika. Mwongozo ukisema tu “watoto wasome pamoja”, mwalimu mwenye darasa kubwa na kitabu kimoja atatamka sentensi, na darasa zima litaitikia. Atakuwa ametii agizo, ilhali watoto hawajasoma chochote. Yafaa basi watungaji na wafasiri watenge mambo matatu: kuitikia, yaani kurudia sauti ya mwalimu, kusoma kimya, yaani mtoto na kitabu alichokichagua, na usomaji shirikishi, yaani mwalimu na watoto kuifuata hadithi moja, wakiulizana maana yake.

Istilahi hizi hazitaleta vitabu shuleni. Lakini zitamzuia mkaguzi kuandika kwamba watoto wanasoma, kumbe wanaitikia tu.