Istilahi za Kikuza Sauti cha Gitaa la Besi: Je, Sauti Njema ni Sauti ya Joto?

Mfasiri akutanapo na jina la chombo kigeni huchukua tahadhari. Akutanapo na neno la kila siku hulifasiri upesi na kusonga mbele, na hapo ndipo hujikwaa. Mfano mzuri ni maelezo yanayoandamana na vikuza sauti vya gitaa la besi. Maelezo hayo hukisifu chombo kwa neno la Kiingereza "warm", na huongeza kwamba sauti yake yafanana na ile ya "tube". Tukiandika kwamba chombo kina "sauti ya joto kama ya tyubu", mwalimu wa muziki au afisa anayenunulia bendi vyombo atashangaa. Kwani kwake joto ni hali ya hewa, na tyubu ni mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Ili tupate maneno yafaayo, yatupasa kwanza tufuate historia ya chombo chenyewe.

Mwaka 1904, John Ambrose Fleming alibuni mjini London chombo kifananacho na taa ya umeme: chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ndani yake mna waya uwakao na bamba la chuma. Umeme ulipita upande mmoja tu, kama maji yapitavyo katika vali ya pampu. Kwa hiyo Waingereza wakakiita vali. Mnamo 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza kiungo cha tatu kati ya waya na bamba. Kwa kiungo hicho umeme mdogo uliweza kuongoza umeme mkubwa, na hiyo ndiyo asili ya ukuzaji wa sauti kwa umeme. Wamarekani, wakitazama umbo badala ya kazi, walikiita "tube". Basi majina ni mawili, lakini chombo ni kimoja.

Gitaa la besi lilikuja baadaye. Kabla yake mpigaji wa besi alibeba zeze kubwa la kusimama, ambalo sauti yake ilimezwa na tarumbeta na ngoma. Mwanamuziki Everett Hull aliweka kinasa sauti ndani ya mguu wa zeze hilo, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ampeg. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la umeme aliloliita Precision, na mwaka 1952 akatoa kikuza sauti chake, Bassman. Mwaka 1960 Ampeg ilitoa B-15, yenye spika moja ya inchi 15, ambayo kichwa chake hugeuzwa na kuzamishwa ndani ya sanduku wakati wa safari. Kumbi zilipopanuka, mwaka 1969 ikaja SVT ya wati 300, yenye vali 14. Kichwa chake peke yake kilikaribia kilo 40.

Uzito huo ndio ulioipa transista nafasi. Transista ilibuniwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani. Ni ndogo, nyepesi, wala haihitaji waya uwakao. Hata hivyo wapigaji wengi waliona kwamba kuna kitu kimepotea. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. Vali inapozidiwa nguvu huliviringa wimbi la sauti polepole, na kuongeza sauti ndogo za juu yake, za mitikisiko 82, 123 na kuendelea. Sikio husikia unene. Transista inapozidiwa hulikata wimbi ghafula, na sikio husikia ukali. Tofauti hiyo ndiyo iitwayo "warm", na ndiyo ambayo vyombo vya transista vimejaribu kuiga, kama SansAmp iliyotolewa na kampuni ya Tech 21 ya New York mwaka 1989.

Je, tuiite joto? Waingereza waishio penye baridi husifu kwa joto. Lugha yetu hufuata njia nyingine. Hasira kwetu ni moto, na neno burudani, ambalo ndilo jina la muziki na michezo, lina asili moja na baridi: kuburudika ni kupoa. Kuisifu burudani kwa joto ni kuyapiganisha maneno. Zaidi ya hayo, vali ina joto la kweli, na kitabu cha maelezo humtaka mtumiaji asubiri mpaka vali ipate moto. Neno moja likitumika kwa hali ya chombo na kwa sifa ya sauti, msomaji hatajua aguse wapi na asikilize nini.

Hatari ni kubwa zaidi katika onyo la kutowasha kikuza sauti cha vali pasipo "mzigo". Mzigo huo ni spika. Asiyeelewa akiwasha chombo pasipo kuunga spika aweza kuiunguza transfoma, na gharama ni ya umma.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Neno kipaza sauti, ambalo sasa hutumiwa kwa vyombo viwili au vitatu, lisitumiwe katika maandishi ya ufundi. Tuseme maikrofoni, kikuza sauti na spika. Chombo cha Fleming kiitwe vali ombwe, hata pale Mmarekani aandikapo "tube". Sifa ya sauti yake iwe sauti nene na nyororo, na kinyume chake iwe sauti kavu. Tena mfasiri aonyeshe vali zipo wapi: katika hatua ya awali tu, au pia katika hatua ya nguvu; kwani vyombo vingi vya leo vina vali moja katika hatua ya awali, nayo nguvu yote hutoka kwa transista. Mnunuzi akiambiwa tu kwamba chombo ni "cha vali", hajaambiwa nusu ya anachokilipia.

Wanamuziki wetu walikwisha kuyafanya maneno solo, rizimu na besi kuwa ya Kiswahili kabla ya kamati yoyote kuketi. Tunawaomba walimu na wafasiri wawaulize wapigaji wa besi wanaiitaje sauti hiyo, kisha watuletee maneno yao. Kama wana neno bora kuliko letu, letu na liondoke.