Tuyaandike Makaburi Yetu: Kutoka Nyali na Tengeru Hadi Kwenye Mahame ya Ukoo

SEHEMU YA 1

Leo siandiki kuhusu uji wa lishe wala ratiba ya chanjo. Naandika kuhusu makaburi. Najua wajawazito mlioko humu wengine mmelelewa kuambiwa mambo haya msiyasikilize. Kama roho yako haitaki, pita, tutaonana wiki ijayo kwenye mada ya kunyonyesha, sitanuna. Lakini naona ni habari yetu sisi akina mama kuliko mtu yeyote, na mtaona kwa nini.

Wodi ya wazazi kila kitu kinaandikwa. Mtoto akizaliwa, rejista. Akifariki, rejista, pamoja na saa. Mtoto tunamhesabu kuwa kichanga mpaka siku 28. Mama naye tunamhesabu hadi siku 42 baada ya kujifungua, maana hatari ya uzazi haiishi siku anapotoka leba. Hizi namba mbili ziko kichwani mwangu muda wote.

Sasa miaka michache iliyopita nilianza kusoma maandishi ya makaburi ya zamani, nikajikuta nafanya hesabu ya kazini. Tarehe ya kufa, toa tarehe ya kuzaliwa. Mama na mtoto wamelala pamoja, tarehe zimepishana siku chache. Hapo huhitaji mtu wa kukuelezea, unajua kilichotokea.

Ngoja nianze na kaburi moja la Kenya.

SEHEMU YA 2: Nyali, 1844

Mombasa, upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, sehemu ya Nyali, kuna kaburi la mwanamke aitwaye Rosine Krapf. Mume wake, Johann Ludwig Krapf, wengi mnamjua kutoka vitabu vya historia: mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la CMS, na mwandishi wa kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Shuleni tulisoma kuhusu huyo baba. Mama hatukumsoma.

Rosine na mumewe walioana mwaka 1842. Walikuwa wakifanya kazi upande wa Ethiopia. Mwaka 1843, wakiwa safarini, Rosine alijifungua njiani, nyikani, mtoto njiti wa kike. Mtoto hakuishi. Walimpa jina lenye maana ya chozi, wakamzika hukohuko, wakaendelea na safari.

Mwaka uliofuata wakahamia Mombasa, Rosine akiwa mjamzito tena. Tarehe 6 Julai 1844 alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye homa ikampanda. Mumewe naye alikuwa anaumwa homa nyumba hiyohiyo. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki. Tarehe 15 Julai mtoto naye akafuata.

Pigeni hesabu. Mama siku ya saba. Mtoto siku ya tisa.

Homa ile ilikuwa malaria au homa ya uzazi? Kwa karatasi huwezi kupima damu. Ila naweza kuwaambia dunia ilikuwa inajua nini wakati huo. Kimelea cha malaria kilikuja kuonekana 1880, na kwamba ni mbu ndiye anayemkuza na kumbeba ilithibitishwa 1897. Kuhusu homa ya uzazi, ni mwaka 1847, miaka mitatu baada ya Rosine, ndipo daktari Ignaz Semmelweis kule Vienna alipowalazimisha madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Wazazi wakaanza kupona. Wenzake walimbishia kwa miaka mingi. Yaani jamani, kunawa mikono tu.

Ndo maana mkija wodini tukawafukuza ndugu wanaotaka kumbeba mtoto bila kunawa, msituone wakali.

Habari ya Rosine tunaijua kwa sababu mumewe aliiandika. Angalieni pia alichokosa yule mtoto wa Mombasa: masimulizi mengi niliyosoma yanamtaja tu kama "mtoto wa Rosine".

SEHEMU YA 3: Tengeru

Turudi nyumbani Tanzania. Ukitoka Arusha kuelekea Moshi, ukifika Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi yaliyozungushiwa ukuta. Yako karibu 150. Majina yake ukiyasoma ulimi unakwama, maana ni ya Kipolandi.

Wapolandi walifikaje chini ya Mlima Meru? Mwaka 1940 na 1941, Wasovieti waliokuwa wameiteka sehemu ya mashariki ya Poland walizichukua familia nzima nzima usiku, wakazipakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuzipeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi za kulazimishwa. Katikati ya 1941, Ujerumani ilipoivamia Urusi, mambo yakageuka, Wapolandi wakaruhusiwa kutoka. Mwaka 1942 wakavuka Bahari ya Kaspi hadi Irani, wamekonda, wana homa ya matumbo na kuhara. Mjini Tehran pekee kuna makaburi yao karibu 2,000. Wanaume wenye nguvu waliingia jeshini. Waliobaki, wanawake na watoto, Waingereza wakawatafutia mahali kwenye makoloni yao. Ndipo meli zikaja Mombasa, Tanga na Dar es Salaam.

Tengeru ilikuwa kambi yao kubwa kuliko zote Afrika. Walikaa watu wapatao 5,000, wengi wakiwa mama na watoto, kwenye vibanda vya msonge. Walikuwa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Kambi nyingine hapa kwetu zilikuwa Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Uganda walikuwa Masindi na Koja, na huko pia wameacha makaburi.

Vita ilipoisha 1945 wengi hawakuwa na pa kurudi, maana vijiji vyao vilibaki upande wa Urusi. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Mwaka 1949 kundi la watoto yatima zaidi ya 100 liliondoka Tengeru, wakaishia Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ikafungwa.

Sasa fikiria wewe ni mama. Umemtoa mwanao Siberia hai. Umemvusha Irani hai. Halafu anakufia Tengeru, mahali penye chakula na hospitali, na miaka miwili baadaye unaambiwa panda meli, tunahama. Kaburi unaliacha. Utalikumbuka kwa nini? Kwa jina lililoandikwa na kwa mtu aliyebaki kulitunza.

Tengeru vyote viwili vilikuwepo. Majina yaliandikwa kwenye saruji, na watu wa hapohapo, Watanzania, wamekuwa wakifagia na kufungua geti. Mpaka leo wajukuu wanatoka Ulaya na Amerika wakiwa na picha ya zamani na jina la bibi, wanaoneshwa kaburi, wanalia, wanaacha maua. Kati ya misalaba hiyo kuna hata makaburi yenye nyota ya Daudi, ya Wayahudi waliokuwemo kambini. Kila mtu kwa alama ya dini yake.

Nilitoka pale nikiwa na wivu, sitawaficha. Wageni waliokaa miaka kumi tu makaburi yao yanajulikana. Ya kwetu je?

SEHEMU YA 4: Mahame

Kwetu ni Nyanda za Juu Kusini. Kama ilivyokuwa sehemu nyingi za nchi, miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, wazee wetu walihamishwa kutoka walipokuwa wametawanyika wakawekwa kwenye kijiji kimoja kando ya barabara. Nyumba zilihama, makaburi hayakuhama. Kule walikotoka pakaitwa mahame. Ukoo wetu uliendelea kuzika huko kwa miaka mingi, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Mwaka juzi kaka zangu walikubaliana kupanda paini kwenye mahame yote. Miti ya mbao ina hela, siwalaumu. Nikauliza, na makaburi? Wakasema la babu lina saruji, watalizunguka. Mengine je? Kimya. Ni mawe tu na vichuguu, nyasi zimefunika.

Kuhusu makaburi tuna hata sheria, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Serikali ikihitaji eneo kwa ajili ya umma, inatoa tangazo na ndugu wa marehemu wanajitokeza. Lakini utajitokezaje kama hujui aliyelala pale ni nani? Na hapa haikuwa hata serikali, ilikuwa sisi wenyewe na miche yetu.

Nikaomba wanipe likizo moja tu. Nikanunua kaunta buku.

Nilipoanza kumuuliza mama, nikamuuliza kama ninavyouliza kliniki: umezaa wangapi, walio hai wangapi? Mama miaka yote husema sita. Siku hiyo akakaa kimya, halafu akasema, "Nane."

Wawili walifariki wakiwa vichanga. Kwetu mzazi hakwenda kuzika. Mtoto mdogo alibebwa na wanawake wachache, hakukuwa na matanga, na mama akaambiwa asilie sana asije akafunga kizazi. Walizikwa mahame. Mama hakuwahi kuoneshwa mahali. Shangazi ndiye aliyewabeba, na shangazi sasa hivi macho yamefifia.

Tukaenda naye. Tulimkodia bodaboda mpaka njia ilipoishia, mwisho kaka akambeba mgongoni. Aliomba apelekwe kwenye mkuyu, kutoka hapo akahesabu hatua kwa fimbo. "Hapa, wifi. Na hapa." Mama alipiga magoti akaweka mawe. Alikuwa amesubiri zaidi ya miaka arobaini.

Kaka zangu walisimama muda mrefu. Eneo lote la mkuyu halitapandwa paini. Hilo liliamuliwa palepale bila kikao.

SEHEMU YA 5: Jinsi ya kufanya kwenu

Mmekuwa mkiniuliza nilifanyaje. Si kazi ya wasomi, fuateni hivi.

Chora ramani kwanza. Weka mti mkubwa, njia au mto, kisha lipe kila kaburi namba. Andika namba hata kama jina hulijui.

Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa upande. Herufi zilizofifia huonekana kwa kivuli. Usikwangue kwa brashi ya chuma wala kumwaga asidi, unaharibu. Maji na brashi laini vinatosha.

Nakili kama ilivyo, hata kama jina limekosewa. Marekebisho yaandike pembeni.

Kaburi lisilo na maandishi si kaburi lisilo na habari. Ndugu zangu wa Pwani, mashahidi mengi hayana herufi hata moja, lakini kuna mzee anayejua ni la nani. Muulize leo.

Usimuulize mzee mwaka. Muulize tukio. Alizaliwa kabla au baada ya Uhuru, 1961? Wakati wa Azimio la Arusha, 1967? Wakati wa kuhamia vijijini? Mama yangu hakujua mwaka wowote, lakini alisema wa kwanza alizaliwa wakati wa vita vya Idi Amin, majeshi yanarudi. Hiyo ni 1979. Wa pili alifariki wiki ambayo redio ilitangaza kifo cha Sokoine. Hiyo ni Aprili 1984. Nikaandika.

Waulize akina mama peke yao, wanaume wakiwa mbali. Makaburi ya wazee wanaume wanayajua. Ya watoto wanayajua wanawake. Na ukiuliza, uliza taratibu, kaa naye, usiondoke akianza kulia. Akikataa kusema, muache, hiyo ni haki yake.

Mwisho, nakala ziwe mbili. Moja ibaki kijijini, nyingine kwa ndugu wa mjini. Daftari moja panya analimaliza.

Sisi tulipata makaburi 31. Majina tuliyopata ni 24. Saba bado tuna namba tu.

Wale wawili walikuwa na majina. Mama aliwapa mwenyewe, akawa anayataja kimoyomoyo miaka yote hiyo. Sitayaandika hapa, ni ya nyumbani. Yako kwenye kaunta buku, namba 17 na namba 18.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitali kupima presha. Nesi kijana akamuuliza ana watoto wangapi. Mama akajibu, "Nimezaa nane, walio hai sita." Nesi akaandika.

Wiki hii, kama una shangazi au bibi ambaye bado anakumbuka, mpigie simu. Mimi Jumamosi narudi kwa shangazi na zile namba saba.