Tairi kuukuu, tairi lililolika na tairi lililozeeka

tairi *nm* (ma-) [li-/ya-] mpira mgumu uliojazwa upepo na kufungwa kwenye ringi ya gurudumu la gari, baiskeli au pikipiki ili gurudumu lishike barabara.

Ngeli na upatanisho

Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza. Kamusi huliweka katika ngeli ya LI-YA: *tairi limelika, matairi yamelika*. Katika mazungumzo ya gereji na mitaani hutumika pia upatanisho wa I-ZI: *tairi imelika, tairi zimelika*. Maandishi rasmi hufuata LI-YA. Anayenukuu usemi wa fundi au muuzaji aache upatanisho wake kama ulivyo, ila asichanganye namna mbili katika sentensi moja.

*Tairi* si *gurudumu*. Gurudumu ni kitu kizima kinachozunguka, yaani ringi pamoja na tairi lake. Muuzaji anayesema *magurudumu ni mapya* huenda anazungumzia ringi zilizong'arishwa tu, huku matairi yakiwa yale yale ya siku zote.

Tatizo la matumizi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kukieleza kitu kisicho kipya: *kuukuu, chakavu, -a zamani, -a mtumba, -kongwe, -liolika, -liozeeka*. Katika habari za nguo au samani, kuyabadilishana maneno haya hakuleti madhara makubwa. Katika habari za matairi, hasa ya gari la michezo lililotumika, kosa la neno moja linaweza kumfanya mnunuzi akague kitu kisicho cha hatari na kukipita kilicho cha hatari.

Sababu ni kwamba tairi huharibika kwa njia mbili zisizotegemeana. Njia ya kwanza ni mwendo: barabara hulisugua tairi na mifereji yake hupungua kina. Njia ya pili ni muda: mpira hubadilika hata gari likiwa limesimama. Gari la kubebea abiria kila siku hulimaliza tairi kwa mwendo kabla muda haujalifikia. Gari la michezo mara nyingi huwa kinyume chake. Huendeshwa siku chache za mapumziko, hufunikwa turubai miezi mingi, na baada ya miaka kumi tairi lake huweza kuwa na mifereji mirefu na rangi nyeusi iliyokoza. Ndiyo maana ya methali *uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti*.

Maneno yanayokaribiana

*Kulika.* Kauli ya kutendeka ya kitenzi *la*. Tairi lililolika ni lile ambalo barabara imelipunguza. Hili ndilo neno sahihi la upungufu wa mifereji. Likilika hadi uso ukawa laini huitwa *tairi kipara*, istilahi ya mitaani ambayo imekwisha kukubalika hata katika magazeti.

*Kuzeeka.* Kitenzi kilichojengwa juu ya mzizi *-zee*. Kwa asili huhusu watu na viumbe wengine wenye uhai, lakini matumizi yake kwa mpira yanastahili kuimarishwa, kwa kuwa hubeba wazo la umri bila kubeba wazo la kazi. Mtu huzeeka hata akikaa kitako, na tairi vivyo hivyo.

*Chakavu.* Kivumishi kinachotokana na *chakaa*, kama *pumbavu* kutoka *pumbaa* na *kakamavu* kutoka *kakamaa*. Hueleza hali ya jumla ya kitu kilichotumika hadi kikapoteza ubora, na huonekana kwa macho. Tairi chakavu ni lile ambalo ubovu wake uko wazi. Kwa hiyo neno hili halifai kwa tairi lililozeeka likiwa bado linapendeza.

*Kuukuu.* Huunganisha umri na uchakavu kwa pamoja: *nguo kuukuu, jembe kuukuu*. Kwa sababu hubeba maana zote mbili, halimwambii msomaji ni ipi inayokusudiwa. Katika hadithi ni neno zuri, lakini katika ripoti ya ukaguzi ni neno la kuepukwa.

*-a zamani.* Lina utata wa aina nyingine. *Matairi ya zamani* yanaweza kuwa yenye umri mkubwa, au yale yaliyokuwapo kabla ya kubadilishwa.

*-a mtumba.* Hueleza kupita mikononi mwa mmiliki mwingine. Halisemi lolote kuhusu umri wala kina cha mifereji.

*-kongwe.* Hubeba heshima, kama katika *mji mkongwe* au *mwanachama mkongwe*. Gari huweza kuwa kongwe na thamani yake ikapanda. Tairi kongwe halina sifa ya namna hiyo.

Neno *jipya* nalo lina mtego

*Matairi mapya* katika tangazo la muuzaji huweza kuwa na maana tatu: hayajatumika kamwe, yametengenezwa karibuni, au yamefungwa karibuni kwenye gari. Tairi lililokaa ghalani miaka saba kisha likafungwa jana ni jipya kwa maana ya kwanza na ya tatu, wala si jipya kwa maana ya pili. Mfasiri wa mkataba au tangazo aandike kinachokusudiwa kwa ukamilifu: *hayajatumika*, *yametengenezwa mwaka 2023*, *yamefungwa mwezi uliopita*.

Umri wa tairi husomwa wapi

Ubavu wa tairi hubeba maandishi ambayo mfasiri hana budi kuyaelewa kabla ya kuyaeleza.

*Tarehe.* Baada ya herufi DOT hufuata msururu wa herufi na tarakimu. Kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. *3511* ni wiki ya 35 ya mwaka 2011, yaani mwishoni mwa Agosti. Kabla ya hapo zilitumika tarakimu tatu: *358* ni wiki ya 35 ya mwaka unaoishia na 8, bila kubainisha muongo. Tairi lolote lenye tarakimu tatu, kwa hiyo, lina zaidi ya robo karne, na hakuna haja ya kuuliza swali jingine. Msururu kamili mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi. Ikiwa upande wa nje hauna tarehe, mkaguzi huinama na kutazama upande wa ndani.

*Ukubwa.* Katika *225/45 R17 91W*, 225 ni upana kwa milimita; 45 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo; 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi; 91 ni kiwango cha mzigo, yaani kilo 615 kwa tairi moja; na W ni mwendo wa juu unaoruhusiwa, kilometa 270 kwa saa. Herufi V ni kilometa 240 na Y ni kilometa 300. Gari la michezo lililofungwa matairi ya herufi ya chini kuliko iliyotajwa na mtengenezaji wa gari limepunguziwa uwezo, hata kama matairi hayo yametoka kiwandani juzi.

*Vidokezo vya kulika.* Ndani ya mifereji mikuu kuna vinundu vidogo vya mpira, na mahali vilipo mara nyingi huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI. Uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, mifereji imebaki na milimita 1.6, ambayo ndiyo mwisho wa kisheria kwa magari madogo nchini Uingereza na katika nchi nyingi za Ulaya.

Mpira huzeekaje

Oksijeni, joto, mwanga wa jua na ozoni hubadilisha mpira taratibu. Mpira hukakamaa, hupoteza mnyumbuko, na uwezo wake wa kushika barabara hupungua, hasa barabara ikiwa na maji au baridi. Watengenezaji huchanganya nta na kemikali za kinga ndani ya mpira. Tairi linapozunguka na kujikunja, kinga hiyo husogea hadi juu na kuufunika uso. Tairi lililosimama halipati huduma hiyo vya kutosha, na hapo ndipo nyufa ndogo huanza kuonekana ubavuni na kwenye vina vya mifereji. Ndani, oksijeni inayopenya hudhoofisha mshikamano kati ya mpira na nyuzi za chuma. Udhaifu huo hauonekani kwa jicho. Hudhihirika tairi linapopata moto kwa mwendo mkali, na hapo sehemu inayogusa barabara huweza kubanduka.

Kwa sababu hiyo watengenezaji kadhaa wa magari hushauri matairi yabadilishwe yakifika miaka sita, na baadhi ya watengenezaji wa matairi huweka miaka kumi kuwa ukomo, hata kama mifereji imejaa. Nchini Uingereza, tangu tarehe 1 Februari 2021, ni marufuku kutumia tairi lenye zaidi ya miaka kumi kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Magari madogo ya binafsi hayamo katika katazo hilo. Mnunuzi wa gari la michezo hubaki na kinga moja tu, nayo ni kusoma mwenyewe.

Mfano wa tafsiri: ajali ya Santa Clarita

Tarehe 30 Novemba 2013, mwigizaji Paul Walker na rafiki yake Roger Rodas, aliyekuwa akiendesha, walifariki katika gari aina ya Porsche Carrera GT la mwaka 2005 huko Santa Clarita, California. Uchunguzi uliotangazwa na ofisi ya sherifu wa Los Angeles mwezi Machi 2014 ulitaja mwendo usiofaa kwa barabara ile kuwa chanzo cha ajali: gari lilikuwa likienda maili 80 hadi 93 kwa saa, sawa na kilometa 130 hadi 150 hivi. Wachunguzi walibainisha pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa na kwamba hali hiyo ingeweza kuathiri uthabiti wa gari.

Mfasiri anayeandika *matairi yalikuwa yamechakaa* ameongeza jambo ambalo halikusemwa na kuacha lililosemwa. Anayeandika *chanzo kilikuwa matairi kuukuu* ameharibu zaidi, kwa kuwa amebadilisha hata sababu. Tafsiri aminifu ni *matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa*. Idadi ya miaka husimama peke yake bila kuhitaji kivumishi.

Umri wa gari na umri wa tairi

Wasomaji wa Afrika Mashariki wamezoea kuulizana mwaka wa gari, kwa kuwa magari mengi yaliyotumika hutoka Japani na kanuni za uingizaji huangalia mwaka huo. Kenya, kwa mfano, hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Mwaka wa gari, hata hivyo, si mwaka wa tairi. Gari la miaka saba huweza kushuka bandarini Mombasa likiwa na matairi ya mwaka jana, au na yale yale liliyotoka nayo kiwandani.

Ulinganisho wa tarehe hizo mbili una faida nyingine. Muuzaji akidai kwamba gari limetembea kilometa chache sana, na tarehe za matairi zikakaribiana na mwaka wa gari, dai lake linapata nguvu, lakini gharama ya matairi manne inaongezeka kwenye hesabu ya mnunuzi. Matairi yakiwa ya umri mdogo zaidi, swali la haki ni: yale ya mwanzo yalilikia wapi?

Makosa ya kawaida

1. *Tairi lina meno mengi, kwa hiyo ni zima.* Meno huonyesha kiasi cha kulika tu. Iandikwe: *Tairi halijalika, lakini limezeeka.*
2. *Tairi limeisha muda wake* kwa maana ya tairi kipara. Muda huisha kwa miaka. Kipara ni *tairi limelika hadi kipara*.
3. *Gari la mashindano* kwa maana ya gari la michezo. Gari la mashindano hutengenezwa kwa ajili ya kiwanja cha mbio. *Gari la michezo*, au *gari la spoti* katika mazungumzo, huendeshwa barabarani kwa namba za usajili.
4. *Tairi limepasuka* kwa maana ya kuwa na nyufa. Tairi lililopasuka limetoa upepo wote. Lenye mistari ya nyufa *limefanya nyufa*.

Mifano ya matumizi

- *Fundi alipima kina cha mifereji akaridhika, kisha akasoma tarehe ubavuni akatikisa kichwa.*
- *Matairi ya nyuma yamelika upande wa ndani tu, dalili kwamba magurudumu hayakupangwa sawasawa.*
- *Nilikuuliza mwaka wa tairi, bwana, sikukuuliza mwaka wa gari.*
- *Bei ipunguzwe kwa gharama ya matairi manne, kwa kuwa yaliyopo hayajalika ila yamezeeka.*

Muhtasari kwa mfasiri na mwalimu

Pale matini chanzi inaposema tairi ni la siku nyingi, mfasiri ajiulize kwanza kama ni siku za kazi au siku za kalenda. Za kazi hufasiriwa kwa *kulika*, za kalenda kwa *kuzeeka* au kwa idadi ya miaka yenyewe. Zikiwa zote mbili, *kuchakaa* hutosha. *Kuukuu* libaki kwa msimuliaji asiyetarajia msomaji wake apande gari hilo.