Leopards: wa nyumbani au wa Ulaya? Mabishano yaliyoanza mwaka wa 1966

Hapa Goma, Leopards wakipoteza mechi, kila mtu anakuwa kocha. Kwenye maegesho ya motari, mbele ya ligablo lenye televisheni, hata kanisani misa ikiisha, maneno ni yale yale. Wamoja wanasema: hawa watoto wa Ulaya waachwe huko, wanakuja kupiga picha na jezi, tuchukue wetu wa Vita Club na Mazembe. Wengine wanajibu: mgeni njoo mwenyeji apone, bila wale wa Ulaya hata makundi hatuvuki. Wakaaji wengi wanafikiri ni ugomvi wa siku hizi, umeletwa na Bakambu na Wissa. Lakini ugomvi huu unakaribia miaka 60, na mtu wa kwanza kuutolea hukumu alikuwa raisi wa Jamhuri.

Tuanze na Tunisia, Novemba 1965. Kongo ilikuwa inashiriki Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Ghana wakaifunga mabao 5 kwa 2, Côte d'Ivoire wakaifunga 3 kwa 0, safari ikaishia hapo. Mwezi huo huo, tarehe 24, Mobutu akachukua madaraka mjini Kinshasa. Mwaka uliofuata Ghana wakaja Kinshasa wenyewe, wakashinda tena 3 kwa 0 mbele ya watu wa mji na mbele ya raisi mpya. Kwa Mobutu jambo hili halikuwa la mpira tu. Ghana ilikuwa mfano wa Afrika huru: imechukua Kombe la Afrika mwaka wa 1963 na tena 1965, timu yake inajulikana kila mahali. Mkuu wa nchi kubwa kama Kongo hakutaka kuaibishwa nyumbani kwake.

Dawa aliyoiona ilikuwa Ubeljiji. Tangu miaka ya 1950 wachezaji wa Kongo walikuwa wanatafutwa na klabu za Ulaya. Léon Mokuna alienda Lisbon mwaka wa 1954 kuchezea Sporting, kisha akahamia Gent. Paul Bonga Bonga alikuwa jina kubwa Standard de Liège. Julien Kialunda alichezea Union Saint-Gilloise na baadaye Anderlecht. Watu kama hao waliitwa Belgicains, na wakati nchi inapata uhuru mwaka wa 1960, wengi wao walikuwa huko. Timu ya taifa ilikuwa inaundwa bila wao.

Mobutu akaamua mambo mawili. Watu huyasimulia kama jambo moja, na hapo ndipo mabishano yetu yanapoharibikia. Jambo la kwanza: waliokuwa Ubeljiji waitwe, na serikali ilipe klabu zao ili warudi. Jambo la pili: waliobaki nchini wasitoke. Mlango ufunguliwe kwa anayeingia, ufungwe kwa anayetaka kutoka. La kwanza lilikuwa la kurekebisha kikosi cha siku ile. La pili lilikuwa la kujenga kikosi cha miaka kumi, na ndilo lililozaa matunda mengi, pia ndilo lililogharimu sana.

Matunda yalionekana haraka. Januari 1968, Ethiopia. Timu iko mikononi mwa Ferenc Csanádi, kocha kutoka Hungaria. Kwenye makundi Kongo inafungwa tena na Ghana, 2 kwa 1, lakini inawafunga Kongo-Brazzaville na Senegal na kupita. Nusu fainali inawatoa wenyeji 3 kwa 2 baada ya muda wa nyongeza. Tarehe 21, mjini Addis Ababa, fainali ni na Ghana wale wale. Bao ni moja tu, la Pierre Kalala Mukendi. Kongo bingwa wa Afrika, miaka miwili tu baada ya aibu ya Kinshasa.

Sasa, Kalala alikuwa anachezea klabu gani? TP Englebert ya Lubumbashi, hiyo ambayo leo tunaiita Mazembe. Kipa Robert Kazadi pia alikuwa wa Englebert. Klabu hiyo ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika mwaka wa 1967 na ikaurudia 1968. Kwa hiyo anayesema kwamba Kombe la 1968 lililetwa na wa Ulaya asimulie pia habari ya Lubumbashi. Waliorudi waliongeza uzoefu na heshima, lakini bao lililowalipa Ghana deni lilitoka kwa mchezaji wa klabu ya nyumbani, aliyezoea kushinda na wenzake kila wiki.

Baada ya hapo mambo hayakunyooka moja kwa moja. Mwaka wa 1970 kule Sudan timu ilitolewa kwenye makundi. Mwaka wa 1972 kule Kamerun ilifungwa na Mali 4 kwa 3 kwenye nusu fainali, ikamaliza ya nne. Leo kocha mwenye matokeo hayo angefukuzwa mara mbili. Kikosi hakikuvunjwa. Mwaka wa 1973 AS Vita Club ikachukua ubingwa wa klabu za Afrika: ilipoteza 4 kwa 2 kwa Asante Kotoko ugenini, ikashinda 3 kwa 0 Kinshasa. Desemba mwaka huo Zaire ikaifunga Moroko 3 kwa 0 na kupata tiketi ya Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Kocha wakati huo ni Blagoje Vidinić wa Yugoslavia, ambaye mwaka wa 1970 aliwapeleka Moroko wenyewe kwenye Kombe la Dunia.

Machi 1974, Misri. Nusu fainali wenyeji wanaongoza 2 kwa 0, Zaire inageuza na kushinda 3 kwa 2. Fainali na Zambia inaisha 2 kwa 2, inarudiwa siku mbili baadaye, Zaire inashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya fainali hizo mbili ni ya mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, na mpaka leo hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika Kombe moja la Afrika. Wachezaji walipewa nyumba na magari. Na wote 22 waliopanda ndege kwenda Ujerumani Juni ile walikuwa wa klabu za Zaire. Hakuna hata mmoja aliyetoka Ulaya.

Yaliyotokea Ujerumani kila mtu anayajua, hata asiyejua yaliyotangulia. Scotland 2 kwa 0, Yugoslavia 9 kwa 0, Brazili 3 kwa 0. Hii 9 kwa 0 ndiyo silaha ya wale wanaosema wa nyumbani hawatoshi. Ni silaha butu kidogo. Mechi ya Scotland timu ilicheza vizuri, hakuna aliyecheka. Kabla ya ile ya Yugoslavia wachezaji waligundua kwamba pesa walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao, wakataka hata kugoma. Kazadi alitolewa golini kabla nusu saa haijafika, mabao yakiwa tayari matatu. Ndaye alipewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake Mwepu Ilunga. Na Mwepu yule aliyepiga mpira wa adhabu wa Wabrazili kabla hawajaupiga wenyewe, jambo ambalo dunia ililicheka kwa miaka mingi, alieleza baadaye kwamba walikuwa wametishwa: wakifungwa zaidi ya 3 na Brazili, wasifikirie kurudi nyumbani salama.

Lakini pia tusiwapambe. Mlango uliofungwa miaka ile ulikuwa na bei yake, na bei ilionekana Gelsenkirchen. Kikosi kilichozoeana kwa miaka sita kiliweza kuishinda Afrika nzima, lakini hakikuwa na mtu anayekutana kila wiki na washambuliaji wa aina ya Yugoslavia. Mobutu alikuwa amechukua nusu ya dawa ya mwaka wa 1966 na kuitupa nusu nyingine.

Baada ya hapo raisi alichoka na mpira. Bei ya shaba ilianguka, biashara zilizotaifishwa zilikwama, fedha za timu zikakauka. Mwaka wa 1976 Zaire ilitolewa kwenye makundi, kisha haikuonekana tena kwenye Kombe la Afrika mpaka 1988. Miaka 12! Ndaye Mulamba mwenyewe, baada ya kupewa medali ya heshima kule Tunisia mwaka wa 1994, alivamiwa na watu wenye silaha aliporudi nyumbani, akapigwa risasi mguuni, akakimbilia Afrika Kusini. Mwaka wa 1998 kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso watu walisimama kimya dakika moja wakimwombolezea, kumbe yuko hai Cape Town. Alifariki Januari 2019 mjini Johannesburg.

Wakati huo mlango ulikuwa umefunguka wenyewe, ila kwa upande mmoja, wa kutoka. Wachezaji waliondoka, familia ziliondoka, na watoto wakakulia huko. Baba yake Claude Makélélé alichezea Zaire, mtoto aliyezaliwa Kinshasa akachezea Ufaransa. Roger Lukaku alichezea Zaire, mtoto wake Romelu ni mfungaji mkubwa wa Ubeljiji. Leopards walifika nafasi ya tatu mwaka wa 1998, jambo la kupongezwa kwa nchi iliyotoka vitani, lakini kwa muda mrefu timu ilikuwa inajengwa na waliobakia.

Mwaka wa 2009 mambo mawili yalitokea, kila moja likivuta upande wake. FIFA iliondoa kikomo cha umri kwa mchezaji anayetaka kubadili timu ya taifa ikiwa alichezea vijana tu kwingine. Hapo ndipo njia ya kina Cédric Bakambu ilipofunguka, aliyezaliwa Ufaransa na kuchezea vijana wa huko. Na mwaka ule ule Kongo ikashinda CHAN ya kwanza kule Côte d'Ivoire, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yake, kwa kuifunga Ghana 2 kwa 0. Mwaka wa 2016 ikaishinda tena, safari hii jirani kabisa, Rwanda. Uwanja wa Umuganda kule Rubavu, hatua chache kutoka mpaka wetu, ulikuwa na kundi lake. Robo fainali Leopards waliwatoa wenyeji Kigali 2 kwa 1, na fainali wakaifunga Mali 3 kwa 0.

Kocha alikuwa Florent Ibenge, ambaye mwaka mmoja kabla alichukua nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika kwa kikosi cha mchanganyiko. Wakati huo huo alikuwa kocha wa Vita Club. Hili halisemwi vya kutosha: hakuhitaji kuambiwa nani anacheza vizuri Kinshasa, alimwona kila asubuhi. Na nyota wa ile CHAN, Meschack Elia, baadaye alienda Uswisi. Leo tumhesabu wa wapi? Chancel Mbemba, aliyezaliwa Kinshasa na kwenda Anderlecht akiwa kijana, ni wa nyumbani au wa Ulaya? Masanduku mawili ya mwaka wa 1966 hayawatoshi tena.

Kuna pia sheria, na hii ni ngumu zaidi. Katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, haushikwi pamoja na mwingine. Tunawashangilia vijana wa kule kila wakifunga, na sheria bado haijajua iwaweke wapi.

Januari 2022 Leopards hawakuwepo hata kwenye Kombe la Afrika, na miezi miwili baadaye Moroko wakawafunga 4 kwa 1 Casablanca na kuwanyima Kombe la Dunia. Wengi walitaka kila kitu kivunjwe. Sébastien Desabre, aliyekuja Agosti 2022, hakuvunja. Aliwashika walewale, akaongeza wachache, akawapa muda. Mwanzoni mwa 2024 walimaliza wa nne kule Côte d'Ivoire. Tarehe 7 Februari, kabla ya nusu fainali, wimbo wa taifa ukiimbwa, wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Juma lile vita vilikuwa Sake, kilomita kama 25 kutoka hapa. Wengi wa waliofanya ishara ile walizaliwa Ulaya. Novemba 2025 mjini Rabat waliitoa Kamerun 1 kwa 0, kisha Nigeria kwa penalti, Mbemba akipiga ya mwisho.

Katika mabishano haya yote upande mmoja hautajwi, nao ni wetu. Anayesema "wa nyumbani" kwa kawaida anamaanisha Kinshasa na Lubumbashi. DC Virunga na Dauphin Noir zimewahi kucheza ligi ya taifa, Maniema Union ya Kindu ilifika makundi ya klabu bingwa Afrika msimu wa 2024-2025, kwa hiyo mpira wa mashariki upo. Lakini ligi ya nchi hii inasafiri kwa ndege, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23. Beki Axel Tuanzebe, anayevaa jezi ya Leopards sasa, alizaliwa Bunia. Alionwa Manchester, kwa sababu familia yake ilihamia Uingereza akiwa na miaka minne.